Kwa nini meli hainichoshi siku 14, halafu ndege ya kurudi inaniangusha zaidi ya wiki?

#1 Mkongojo
Wakuu, salaam.

Nina miaka 68. Tangu nistaafu nimepanda meli za utalii mara sita: fiyodi za Norway, barafu za Alaska, Mediterania mara mbili, Mfereji wa Panama, na hii ya mwisho, Novemba, nimevuka Atlantiki kutoka Barcelona hadi Miami, usiku 14. Waliowahi kusafiri msimu huo wanajua, meli nyingi zinahama Mediterania kwenda Karibi kufuata joto, kwa hiyo safari ni ya kwenda tu. Kurudi ni juu yako na ndege.

Swali langu ni hili. Melini nakuwa mtu mwingine kabisa. Nalala fofofo. Kila asubuhi nazunguka sitaha ya 7 mara nne kabla watu hawajaamka, na goti langu linalonisumbua miaka yote halisemi kitu. Siku ya 15 nashushwa saa mbili asubuhi, jioni naingia kwenye ndege: saa 9 angani, saa 5 za kukaa uwanjani, kisha saa 8 nyingine angani. Nikifika kwangu miguu imevimba mpaka mpira wa soksi umechimba mtaro. Saa nane usiku macho makavu, saa nane mchana nasinzia na kijiko mkononi. Lililonitisha zaidi, sakafu ya bafuni inapanda na kushuka. Nikifumba macho kunawa uso lazima nishike ukuta. Mara hii imekwenda siku 9.

Dai langu: likizo ya meli inaharibiwa na ndege. Mwili umekwenda kwa mwendo wake, umezoea kila kitu taratibu, halafu unarudishwa kama kifurushi. Mke wangu anasema ni umri tu, kwamba nilipokuwa na 60 sikulalamika. Naomba kusikia waliopitia.

#2 Nanga
Shikamoo mzee. Uzi mzuri huu, naweka kambi. Picha za Panama tafadhali.

#3 Muuguzi_Mstaafu
Pole kaka. Umefunga mambo matatu kwenye kifurushi kimoja: kuyumba, usingizi na miguu. Yafungue, kila moja lina chanzo chake.

Huko kuyumba usiisingizie ndege. Hiyo ni meli. Madaktari wanaiita hali hiyo kwa Kifaransa mal de débarquement, yaani maradhi ya kushuka chomboni. Ukikaa majini siku nyingi, ubongo unajifunza mwendo wa mawimbi na kuanza kuufuta wenyewe, ndiyo maana siku ya tatu melini unaacha kuuhisi. Ukishuka, mawimbi hayapo lakini ubongo bado unafuta. Kwa watu wengi hudumu saa chache hadi siku mbili. Wachache sana huendelea miezi, na hao wanatakiwa kuonana na daktari anayejua mambo ya masikio na mizani ya mwili.

Nikuulize jambo moja. Ukiwa umekaa kwenye gari linalotembea, kuyumba kunapungua au kunazidi?

#4 Mkongojo
Marahaba @Nanga, picha zitakuja.

@Muuguzi_Mstaafu umenishtua. Kwenye gari kunapotea kabisa! Nilidhani ni kwa sababu nimekaa. Gari likisimama tu kwenye taa, kunarudi.

Lakini nisaidie hapo. Norway, Alaska na Mediterania ya kwanza sikupata kitu. Mawimbi yalikuwepo, ndege za kurudi zilikuwepo. Kwa nini sasa?

#5 Saa_Mbovu
Kwa upande wa usingizi jibu ni mwelekeo. Umetoka Miami kwenda mashariki. Saa ya ndani ya mwili wa binadamu, ukiiacha bila mwanga wa jua wa kuirekebisha, huzunguka kwa zaidi kidogo ya saa 24. Kwa hiyo kuchelewa kulala ni rahisi kwake, kuwahi ndiyo kazi. Ukienda magharibi siku inarefuka, mwili unafurahi. Ukienda mashariki unaulazimisha ulale wakati kwake bado ni alasiri.

Sasa tazama ulivyokwenda. Barcelona na Miami zinapishana saa 6 msimu huo wa Novemba. Meli ilirudisha saa nyuma moja moja kwa usiku kadhaa, na kila ilipofanya hivyo ulikuwa na siku ya saa 25. Ndiyo maana ulilala fofofo. Kurudi umelipa saa hizo zote kwa mkupuo, na nyingine juu yake kama kwenu ni mbali zaidi ya Ulaya. Kanuni ya mkato wanayotumia wasafiri ni siku moja ya kupona kwa kila saa moja uliyovuka. Ulivuka ngapi?

#6 Mkongojo
Nane.

#7 Saa_Mbovu
Nane, na umeugua siku 9. Mimi sina la kuongeza.

#8 Kibegi
@Saa_Mbovu unaongeza mwenyewe kwa kufunga hesabu haraka hivyo. Mimi ninarudi kuelekea MAGHARIBI kila mara na bado nafika hoi. Kwa hiyo mwelekeo peke yake hautoshi.

Kwa maoni yangu mkosaji ni usiku wa mwisho melini. Nani analala usiku ule? Begi linatakiwa nje ya mlango kabla ya saa tano usiku, halafu koridoni magurudumu yanakwaruza mpaka alfajiri. Saa kumi na moja injini za kuegeshea zinaanza kutetemesha kitanda, saa kumi na mbili unafukuzana na watu elfu kadhaa kwenye kifungua kinywa, saa mbili uko gatini na begi la mkononi, na ndege yako ni ya usiku. Unaingia kwenye ndege ukiwa tayari umekesha usiku mmoja na kusimama mchana mzima. Ndege inamalizia tu.

Nilipanda meli mara ya kwanza sikujua utaratibu. Nikapanga nguo zote kwenye begi kubwa, nikalitoa nje ya mlango, nikalala kwa amani. Asubuhi nafungua kabati: hanga tupu. Nilishuka melini na suruali ya kulalia na koti la mvua. Nguo si kitu, ila vidonge vyangu vya presha vilikuwa mle ndani. Nilikaa saa 6 bila dawa nikisubiri begi kwenye ghala lenye mabegi yanayofanana yote.

#9 Nanga
Suruali ya kulalia na koti la mvua, mkuu tutakukumbuka nayo humu 😂

#10 Tumbawe
Mmesahau hewa. Kwenye ndege mnavuta pumzi kama mtu aliyekaa kilele cha mlima, na ni hewa ileile moja inayozungushwa saa 13 baada ya watu 300 kuikohoa. Melini uko kwenye upepo wa bahari. Utafananishaje?

#11 Fundi_Ndege
@Tumbawe nusu umepatia, nusu turekebishe.

Mlima ni kweli, ila si kilele kirefu. Ndege inaruka zaidi ya mita 10,000, lakini ndani shinikizo la hewa linawekwa kama uko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400. Boeing 787 na Airbus A350 zimekaa upande wa chini, kama mita 1,800, na wapo abiria wengi wanaosema wanashuka na nafuu. Oksijeni inayoingia kwenye damu inapungua kidogo. Kijana hagundui. Mtu mwenye mapafu au moyo dhaifu anaweza kugundua.

Kuhusu hewa ileile, hapana. Takriban nusu inatoka nje muda wote, nusu inapita kwenye vichujio vya aina ya vinavyotumika hospitalini, na hewa yote ya chumba inabadilika kila baada ya dakika chache. Tatizo lake ni ukavu. Hewa ya huko juu karibu haina maji, kwa hiyo unyevu ndani unashuka chini ya asilimia 20. Macho yanakwaruza, koo linakauka, hata ulimi unapoteza ladha ya chumvi na sukari. Ukavu nakubali unachosha. Lakini haufanyi sakafu ya bafuni iyumbe siku 9.

#12 Dadabahari
Nimesoma kimya, naomba tuizungumzie miguu, maana inapitwa haraka sana humu.

Baada ya safari yangu ya tatu ya meli nilirudi kwa ndege ya saa 12, siti ya dirishani, nikameza kidonge cha usingizi nikalala bila kujigeuza. Siku ya pili nyumbani mguu wa kushoto ulikuwa mzito kuliko wa kulia. Nikasema ni uvimbe wa safari. Siku ya nne nilipopanda ngazi pumzi ikakata katikati. Bonge la damu lilikuwa limeganda kwenye mshipa wa shavu la mguu na kipande kimepanda hadi kwenye mapafu. Nilikaa hospitali siku 6 na kwenye dawa ya kuzuia damu kuganda nusu mwaka.

Daktari alinionyesha kwa kubonyeza shavu la mguu wangu kwa vidole. Akasema huu msuli ndio moyo wa pili. Ukitembea unabana mishipa na kusukuma damu irudi juu, ukikaa unalala, nayo damu inatuama. Melini mnatembea kutwa, ngazi, sitaha, bandari. Halafu ghafla saa 12 za kukunja goti.

Mzee Mkongojo, umevimba miguu yote au mmoja?

#13 Muuguzi_Mstaafu
Asante dada kwa kusimulia. Niweke vipimo ili watu wasiogope kupita kiasi wala kupuuza. Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake mwaka 2007: kukaa safarini saa 4 au zaidi kunaongeza hatari ya damu kuganda kama mara mbili, na kwa mtu mwenye afya inabaki takriban mmoja kati ya 6,000. Na si ndege tu, basi na treni pia. Wenye umri mkubwa, waliofanyiwa upasuaji karibuni, wenye saratani, wanaotumia dawa za homoni, na waliowahi kuganda damu kabla, hao hesabu yao ni nyingine.

Miguu yote miwili ikivimba sawasawa na kupungua baada ya siku moja mbili, mara nyingi ni damu na maji kutuama tu. MMOJA ukivimba, unauma, una joto, au pumzi inakata, usije kuuliza kwenye uzi. Nenda hospitali saa hiyohiyo. Na soksi za kubana zipimwe mguu, usichukue tu saizi ya viatu.

#14 Mkongojo
Dada, pole sana. Mimi ni yote miwili, sawasawa. Lakini nakiri sikusimama hata mara moja kwenye ndege ya kwanza. Nilikuwa dirishani, vijana wawili wamelala pembeni yangu, nikaona haya kuwaamsha.

#15 Nanga
Usiku mzima dirishani unaangalia nini mzee wetu? Siti ya njiani, kuanzia leo.

#16 Machweo
Kabla hatujaendelea na ndege, nani amehesabu chumvi? Wiki mbili za bufe. Supu, jibini, nyama za kukaushwa, mchuzi, mara tatu kwa siku na ya nne usiku wa manane. Chumvi inashika maji mwilini. Mimi nikipima melini siku ya 10 pete haitoki kidoleni, na bado sijaona ndege. Ndege inaikuta miguu imeshajaa.

#17 Pasi_Tatu
Hoja ya #16 nina ushahidi wake, pete yangu ilikatwa kwa msumeno melini kwa mganga wao.

Kuhusu kuyumba, inategemea pia ulilala wapi. Chumba cha juu kabisa mbele ya meli kinapanda na kushuka kuliko vyote. Chini, katikati, ndipo pa wenye vichwa vyepesi. Nilivuka Mlango wa Drake kutoka Ushuaia, kusini kabisa mwa Argentina, kwenda Antaktika, kama kilomita 800 za bahari isiyo na nchi kavu ya kuuvunja upepo pande zote za dunia. Siku mbili kwenda, siku mbili kurudi. Ile meli ilikuwa ndogo, maana yenye abiria zaidi ya 500 hairuhusiwi kushusha watu kule, na hata hizo ndogo zinashusha watu 100 tu kwa wakati mmoja. Vikombe vilifungwa kwa kamba. Nilibandika kile kibandiko cha nyuma ya sikio, cha kuzuia kichefuchefu cha bahari, nikapona. Niliporudi nyumbani niliyumba wiki.

#18 Muuguzi_Mstaafu
@Pasi_Tatu ngoja kwanza. Kibandiko ulikitoa lini?

#19 Pasi_Tatu
Siku ya kushuka, gatini. Kwa nini?

#20 Muuguzi_Mstaafu
Kwa sababu ile dawa, skopolamini, ikivaliwa siku kadhaa mfululizo halafu ikatolewa ghafla, mwili unaweza kuidai. Kizunguzungu, kichefuchefu, mizani kupotea, na huanza siku moja au zaidi BAADA ya kutoa. Yaani wakati huo umeshafika nyumbani na unailaumu meli au ndege. Kwa wenye umri mkubwa ina mengine pia: kinywa kikavu, mkojo mgumu kwa wenye tezi dume, macho kwa wenye presha ya macho, na wengine kuchanganyikiwa. Si dawa ya kubandika kwa mazoea.

Mzee Mkongojo, nawe ulibandika?

#21 Mkongojo
Nimelazimika kwenda kumuuliza mke wangu maana ndiye anayeandika daftari la safari.

Norway, Alaska, Mediterania ya kwanza: sikubandika. Panama nilibandika siku 6, Mediterania ya pili siku 3, Atlantiki nilibandika karibu safari nzima, kimoja baada ya kingine, cha mwisho nikakitoa kwenye teksi ya kwenda uwanja wa ndege.

Kuyumba: Panama ndiyo, siku 4. Atlantiki ndiyo, siku 9. Lakini Mediterania ya pili hapana, sikuyumba hata kidogo. Kwa hiyo nimefurahi nusu tu.

#22 Saa_Mbovu
Siku 3 ni chache, labda mwili haukuwahi kuzoea dawa. Tena Mediterania ya pili ulivuka saa ngapi kurudi?

#23 Mkongojo
Moja.

#24 Saa_Mbovu
Basi na hiyo iwekwe mezani. Mara zote mbili ulizoyumba umevuka saa nyingi kwenda mashariki pia. Kukosa usingizi kunafanya mizani iwe mbovu kwa mtu yeyote. Huwezi kutenganisha kibandiko na usingizi kwa daftari hilo.

#25 Kibegi
Wala usiku wa mwisho wa kukesha 😊

#26 Mstahimilivu
Natoka nje ya mada kidogo. #1 umesema Panama. Nimesikia mifereji ile miwili, Panama na Suez, yote ina makufuli, yaani vyumba vya maji vya kupandisha meli. Ipi ina mengi?

#27 Pasi_Tatu
Hapana mkuu. Suez, uliofunguliwa 1869, hauna kufuli hata moja. Ni maji ya bahari kwa bahari, kilomita 193, meli inateleza kati ya mchanga na mchanga. Panama, 1914, una kilomita kama 80 na ndio wenye makufuli, kwa sababu meli inapandishwa hadi Ziwa Gatun lililo mita 26 juu ya bahari, halafu inateremshwa upande wa pili.

#28 Mkongojo
Na hakuna pampu inayoinua maji yale. Yanateremka tu kutoka ziwani kwa uzito wake. Nilikuwa nimeegemea ukingo wa sitaha, ukuta wa zege uko karibu kiasi cha kuugusa, umejaa ukungu wa kijani na alama za kamba za miaka. Unatazama mstari mmoja mweusi ukutani, unaona unazama taratibu, kumbe wewe ndiye unapanda. Meli ya ghorofa 12, watu 2,000 na zaidi, hakuna aliyehisi kutikisika. Mzee mwenzangu pembeni alivua kofia. Nikavua na yangu.

Ndiyo maana nauliza haya mambo wakuu. Sitaki kuacha.

#29 Machweo
Hapo umenifanya nitafute tarehe za safari.

#30 Peke_Yangu
Habari zenu. Sijawahi kuandika humu, nimezoea kusoma.

Nasafiri peke yangu tangu mume wangu afariki. Meli zinapanga bei kwa watu wawili chumba kimoja, kwa hiyo mara nyingi nalipia na kitanda cha asiyekuwepo, wakati mwingine nauli kamili ya mtu wa pili. Bado naona inafaa, kwa sababu ya meza. Jioni unakaa na watu walewale wanane. Siku ya nne wanajua jina lako, siku ya kumi wanakuuliza ulikuwa wapi mchana. Mhudumu anajua kwamba chai yako haina sukari.

Halafu unashuka, na ndani ya siku moja na nusu uko jikoni kwako, na hakuna sauti. Mimi pia naamka saa nane usiku. Mimi pia mwili unakuwa kama wa mtu aliyebeba mizigo. Nimekwenda kupima, hakuna kitu. Mnazungumza masikio, mshipa, chumvi, na sina ubishi navyo, ila katika orodha yenu yote sijaona mtu akisema amehuzunika.

#31 Mkongojo
Dada Peke_Yangu, karibu, na pole kwa msiba. Nimesoma mara mbili. Mimi nina mke na bado ile asubuhi ya kushuka nakuwa na donge kooni. Sikuliandika #1 kwa sababu niliona si ugonjwa.

#32 Dadabahari
Karibu sana dada. Wengine tunaoendelea kuwasiliana na wenzetu wa mezani, wiki ya kwanza baada ya kushuka ndiyo simu zinapigwa zaidi. Kuna kitu hapo.

#33 Fundi_Ndege
Kipo. Ila tusikigeuze kuwa jibu la mguu uliovimba.

#34 Sindano
Swali la haraka kwa @Muuguzi_Mstaafu. Natumia insulini. Nikirudi mashariki siku inafupika, nikichoma kwa saa ya nyumbani dozi mbili zinakaribiana. Nafanyaje?

#35 Muuguzi_Mstaafu
Unaonana na daktari wako wiki kadhaa kabla, na ratiba ya ndege mkononi, akuandikie saa kwa saa. Kwenda mashariki siku ikifupika mara nyingi dozi hupunguzwa, magharibi inaongezwa, lakini inategemea aina ya insulini na sukari yako. Na dawa zote ziwe kwenye begi la mkononi. Chini ya ndege kunaweza kuwa na baridi ya kuiharibu insulini.

#36 Kibegi
Na zisiwe kwenye begi la nje ya mlango. Nimesema.

#37 Mvuka_Atlantiki
Uzi umefika mbali, nitoe kisa ambacho kinaweza kuwasaidia au kuwavuruga. Mimi nimerudi KWA MELI.

Queen Mary 2 bado inavuka kati ya Southampton na New York, usiku 7. Kwenda magharibi wanarudisha saa usiku, unapata saa ya ziada ya kulala. Kurudi mashariki wanaisogeza mbele mchana: saa sita kamili inakuwa saa saba, ghafla chakula cha mchana kimekukuta. Siku za saa 23, karibu mfululizo. Niliposhuka Southampton usingizi ulikuwa sawa kabisa, nililala saa nne usiku kama mtu wa pale. Kwa hiyo kwa usingizi, mleta uzi ana haki: tatizo ni kufanya yote usiku mmoja.

Lakini niliyumba siku 3. Bila ndege. Bila kibandiko, sijawahi kukitumia.

#38 Muuguzi_Mstaafu
Ahsante. Kama nilivyosema #3, meli.

#39 Tumbawe
Mbona mimi huyumba baada ya ndege peke yake? Saa 14 angani, sijagusa meli miaka miwili, na kitanda kilikuwa kinapanda na kushuka usiku kucha. Hilo nalo ni meli?

#40 Muuguzi_Mstaafu
Limewahi kuonekana baada ya ndege na treni pia, ila mara chache zaidi kuliko meli.

#41 Tumbawe
Basi ndege inaweza.

#42 Muuguzi_Mstaafu
Inaweza. Sikusema haiwezi, nilisema mleta uzi asianze nayo.

#43 Mkongojo
Wakuu, asanteni wote. Nimekwisha lipia safari ya Aprili, wiki mbili, kupanda ni bandari moja na kushuka ni nyingine, na kurudi ni mashariki tena, saa 7. Nimekaa na mke wangu tumeandika mpango kutokana na uzi huu:

Kibandiko hapana. Chumba tumebadilisha, tumeshuka sitaha ya 4, katikati. Soksi za kubana tunapimwa Jumatatu, wote wawili. Siti ya njiani. Kidonge cha usingizi kwenye ndege hapana, dada Dadabahari nimekusikia. Na badala ya kupanda ndege siku ileile tutalala hotelini karibu na bandari usiku mbili ndipo turuke.

Nabaki na swali moja. Kutoka pale zipo ndege mbili, moja asubuhi na moja usiku. Ipi?

#44 Saa_Mbovu
Ya asubuhi. Unafika usiku wa nyumbani, unalala kitandani kwako, na mwanga wa jua wa siku inayofuata unaanza kazi ya kurudisha saa.

#45 Fundi_Ndege
Ya usiku. Kuelekea mashariki upepo mkali wa juu unasukuma ndege, safari inakuwa fupi kuliko ya kwenda, na utakuwa umesinzia nusu yake. Asubuhi utakaa macho muda wote kwenye ule ukavu.

#46 Kibegi
Usiku mbili hotelini ni jambo jema zaidi ya yote hayo. Mwaka mmoja ukungu ulituzuia nje ya bandari mpaka saa saba mchana, meli imesimama inapiga honi, na sisi tuliokuwa na ndege ya saa sita tumejipanga sitahani tunaangalia saa. Hakuna aliyefidiwa siti.

#47 Peke_Yangu
Mzee, hizo siku mbili za hotelini, je, wenzenu wa mezani nao watabaki? Waulizeni mapema, siku ya pili au ya tatu, kabla hawajakata tiketi za ndege.

#48 Mkongojo
Sikuwaza hilo. Mke wangu amelichukua, ameliandika juu kabisa ya daftari. Nitaleta mrejesho Mei, na hesabu ya siku.

#49 Nanga
Na picha za Panama mzee, tangu #2 nasubiri.